Kabla ya marumaru, tazameni mifereji: ushauri kwa kamati za makanisa ya kale

Kila kamati mpya ya ujenzi katika parokia ya zamani huanza na ndoto ileile: marumaru sakafuni, dari ya jipsamu, madirisha ya aluminiamu. Mimi nimekaa miaka mingi kwenye kamati kama hiyo, katika kanisa la pwani lililojengwa kwa mawe ya matumbawe na chokaa enzi za wamisionari. Ninachowaambia wenzangu wa parokia nyingine ni hiki: malizaneni na maji kwanza.

Jiwe la tumbawe lina vitundu. Linakunywa mvua, na jua likiwaka linayatoa maji hayo. Lipu ya chokaa inayapitisha, ya saruji inayafungia ndani. Chumvi hujikusanya nyuma ya saruji, lipu inavimba, na siku ikibanduka huondoka na uso wa jiwe. Kwetu kuna ukuta uliopigwa saruji na fundi wa kamati iliyotutangulia. Siku ya kukabidhi kazi ulipendeza kuliko zote. Leo ndio unaomaliza sadaka zetu.

Sisemi saruji ni haramu. Kanisa la Mkunazini, Zanzibar, ambalo Askofu Edward Steere alianza kulijenga mwaka 1873 mahali palipokuwa na soko la watumwa, lina paa la kuba la saruji ya Portland iliyochanganywa na matumbawe yaliyopondwa, na watalii hadi leo huinua shingo kulitazama. Lakini paa lile lilikusudiwa hivyo tangu mwanzo. Kuichomeka saruji katika ukuta uliozaliwa na chokaa ni jambo jingine kabisa.

Basi chokaa. Msiende kuvunja matumbawe baharini. Chokaa ya mawe ya nchi kavu inatosha. Ikishazimwa, yaani chokaa iliyochomwa ikishamwagiwa maji ikachemka na kutulia, iacheni ikae wiki kadhaa ikiwa imefunikwa na maji, maana punje ambayo haijazimika vizuri italipuka ukutani baadaye na kuacha shimo. Lowesheni ukuta kabla ya kupiga lipu. Pigeni matabaka membamba, la kwanza lishike ndipo lifuate la pili, na funikeni kwa magunia mabichi ili jua lisilikaushe upesi. Chokaa hukomaa taratibu kwa kuvuta hewa ya ukaa, na hapo ndipo mafundi vijana wanapochoka, kwa kuwa wamezoea saruji ya kumwaga leo na kukanyaga kesho. Kabla ya kumpa mtu kazi yote, mpeni kipande kidogo ukuta wa nyuma, mkiangalie baada ya masika. Tafuteni pia mzee aliyewahi kukarabati nyumba za mawe za mji wenu. Mchanganyo wake wa chokaa, mchanga na udongo mwekundu una thamani kuliko michoro mingi ya kompyuta.

Juu ya paa, adui mkubwa ni uzembe mdogo mdogo. Kigae kimoja kikivunjika, maji yanafika kwenye boriti, na boriti iliyolowa humwita mchwa. Majani yakiziba mfereji, maji yote ya upande huo yanateremka ukutani. Ndege nao huangusha mbegu za mtini kwenye nyufa. Ung'oeni ukiwa mchanga, kwa sababu ukishazamisha mizizi, kuutoa ni kubomoa. Mtu apande ngazi kabla ya vuli na kabla ya masika, apige picha palepale kila mara. Picha za miaka miwili zikiwekwa pamoja zitawaonyesha kama ufa unakua au umelala. Na hamisheni rejista za ubatizo kutoka kwenye kabati lililoegemea ukuta wenye unyevu, tena wiki hii.

Fedha ndiyo vita. Hakuna anayesimama kwenye harambee kuahidi mfereji. Marumaru wana wafadhili, mfereji hauna. Tulichofanya ni kukataa mchango wa pambo usiokuja na fungu la paa, na kutenga sehemu ya mavuno ya kila mwaka kwa matengenezo tu. Baadhi ya waumini walinuna. Paroko alisimama nasi, na bila paroko msijaribu.

Wala msidhani serikali itawazuia mkikosea. Kwa Tanzania Bara, Sheria ya Mambo ya Kale ya mwaka 1964 inalinda moja kwa moja majengo ya kabla ya 1863, na makanisa mengi ya misheni ni ya baada ya hapo. Lisipotangazwa rasmi kuwa la kihistoria, kanisa lenu linalindwa na kamati yenu peke yake. Kwa hiyo andikeni kwenye mkataba wa fundi, kwa maneno yasiyo na mjadala, kwamba haruhusiwi kupiga saruji kwenye kuta za zamani, kuchimba mashimo ya nyaya za spika kwenye mawe ya tao, wala kung'oa mlango au dirisha la asili bila sahihi ya kamati. Malipo ya mwisho yabaki mkononi mpaka mvua kubwa ya kwanza ipite.