Muulize Karatasi Aliipata Wapi

Mwanangu mpenzi,

Salamu nyingi kutoka Lamu. Sote wazima, alhamdulillahi.

Umeniuliza kwa nini waandishi, waigizaji na watengenezaji filamu unaowahoji redioni huko Nairobi wanakupa majibu yale yale: nilianza nikiwa mdogo, nilipitia magumu, vijana wasikate tamaa.

Mwanangu, wanakujibu ulichowauliza. Ukimwambia mtu akueleze safari yake ya sanaa, atakutolea hotuba, maana swali hilo ameshaulizwa mpaka jibu limekaa ulimini. Muulize kitu kinachoshikika.

Mtazame Abdilatif Abdalla wa Mombasa. Alifungwa mwaka 1969 kwa ajili ya waraka wake wa kuikosoa serikali, "Kenya: Twendapi?", akatoka 1972, na mwaka uliofuata mashairi aliyoyatunga gerezani yakachapishwa kwa jina la Sauti ya Dhiki. Anayemuuliza msukumo aliupata wapi atajibiwa kwa heshima na mazungumzo yataishia hapo. Anayemuuliza karatasi aliipata wapi atasikia habari ya karatasi za chooni, na hapo hofu na ujanja wa mfungwa vitajitokeza vyenyewe.

Na riziki iulize, usione haya. Najua unaogopa kuonekana huna adabu. Lakini Shaaban Robert alikuwa karani wa serikali ya kikoloni miaka mingi huku akiandika. Abdulrazak Gurnah alifundisha Chuo Kikuu cha Kent mpaka akastaafu, ndipo tuzo ya Nobel ya fasihi ikamjia mwaka 2021. Kijana anayekusikiliza anataka kujua nani alilipa kodi ya nyumba filamu ilipokuwa inapigwa, na mtu aliyeshinda kazini aliandika saa ngapi. Ukimnyima hayo, ataacha kazi kesho kwa kudhani kipaji kitamlisha.

Juzi nilikaa na yule bibi wa Langoni anayeimba harusini. Nikamuuliza hufanya nini akisahau ubeti katikati ya wimbo. Aliweka kikombe cha kahawa chini, akagonga meza kwa vidole, akaimba kiitikio, kisha akanambia, "Nawaachia waitikiaji wakirudie mara mbili tatu, mimi huku nautafuta." Bila kuulizwa tena akaendelea: jinsi anavyotazama mikono ya wanawake akajua nani yuko karibu kuinuka kumtuza, na jinsi anavyojua wimbo umewachosha kabla wao wenyewe hawajajua. Hatukuinuka mpaka adhana ya magharibi. Ningemuuliza alianzaje kuimba, angenijibu kwamba ni kipaji alichopewa na Mungu. Ni kweli, lakini kazi yake nisingeijua.

Jambo jingine, mgeni wako akinyamaza, mwache. Nakusikiliza kila kipindi, na mara nyingi mtu anavuta pumzi tu, wewe umeshamrukia na swali la pili. Redio haipendi kimya, naelewa. Ila mtu akishanyamaza kidogo ndipo husema lile ambalo hakuja nalo kutoka nyumbani, na hilo ndilo sisi wasikilizaji tunalolingoja.

Ukija Maulidi nitakupeleka kwa yule bibi. Amekubali umrekodi sauti, picha hataki. Tutakwenda asubuhi, maana baada ya adhuhuri hulala.

Mama yako