Kufundisha makao ya wavulana wakati wa mitihani

Mdogo wangu, unasema mlianza kumi na wawili kufundisha kila Jumamosi kwenye makao ya wavulana, sasa mmebaki wanne na watoto wamewanunia. Wana haki. Sisi tulipotea wiki tatu za UE, mitihani ya chuo kikuu, bila kuaga. Tuliporudi, kijana mmoja akanirudishia daftari nililompa, kimya, akaenda zake kucheza mpira.

Nendeni mkaombe radhi, kisha bandikeni ukutani kalenda: tarehe mtakazokuja na ambazo hamtakuja. Wanne wanatosha, kumi na wawili ilikuwa harusi. Picha za sura zao msirushe mtandaoni. Mkataba wa Haki za Mtoto wa 1989 unalinda faragha yao. Na asibaki mmoja wenu peke yake chumbani na mtoto, hata kama ni hesabu za sehemu tu.