Njiti wa wiki 27, gramu 900: wiki za mwanzo wodini zinavyokwenda

Mkuu, hongera kwa mtoto na pole na presha. Kwa wanaopita tu: shemeji amejifungua wiki ya 27, mtoto ana gramu 900, leo siku ya tatu, yuko kwenye chupa (inkubeta) na CPAP (mashine ya hewa ya puani). Jamaa anauliza wanunue nini, wafanye nini wakiwa pale, na kwa nini jana waliambiwa "anaendelea vizuri" halafu leo "tunamwangalia". Naanza na la pili maana ndilo lisilongoja.

Kazi ya shemeji ni maziwa. Dripu, dawa na mashine vina wenyewe, ila maziwa hakuna wa kumtengenezea. Asisubiri "yashuke". Akamue leo, kwa mkono, mara 8 hadi 12 kwa saa 24, na usiku asipitishe zaidi ya muda wa saa nne au tano bila kukamua. Kidole gumba juu ya titi na vidole vingine chini, sentimita mbili au tatu nyuma ya chuchu. Asukume kurudi kifuani kwanza, ndipo abane, aachie, arudie. Vidole visiteleze juu ya ngozi, ndiyo maana wengi wanaumia na hakitoki kitu. Akishabana upande mmoja azungushe vidole sehemu nyingine ya titi. Siku za mwanzo yatatoka matone tu, mazito na ya manjano. Hiyo ndiyo dang'a. Msikamulie kwenye kikombe kwa sababu yote yatabaki yamegandia ukutani. Chukueni sirinji ya mililita 1 au 2 isiyo na sindano, mfyonze tone kwa tone pale pale kwenye chuchu. Hata kama mtoto hajaanza kulishwa, ulizeni kama wanaweza kumpaka kidogo ndani ya mashavu. Wodi nyingi wanafanya hivyo.

Maziwa yakishaanza, lengo ni kufika kama mililita 500 kwa siku wiki ya pili inapoisha. Najua mtoto wenu atakuwa anatumia sehemu ndogo sana ya hayo, na hapo ndipo akina mama wengi hulegea: "si anakunywa kidogo tu?" Titi linajipangia kiwango katika wiki hizi kulingana na linavyomwagwa. Likizoea kidogo sasa, mtoto akifika kilo moja na nusu na kutaka mengi, hayatakuwepo. Mtori, supu na uji wa pilipili manga vinampa mama nguvu na maji, anywe tu, lakini kinacholeta maziwa ni kukamua. Mama anayetumia ARV naye anakamua na kumpa mtoto wake, mtoto anapewa dawa ya kinga; hilo mzungumze na nesi faragha. Maziwa ya kopo msilete kwa uamuzi wenu. Kwa utumbo wa wiki 27 yanaongeza hatari ya ugonjwa wa utumbo kuoza, nitaugusia hapo chini.

Sasa hesabu ya mpira wa kulishia, maana najua mtashtuka mkiona anapewa "kijiko kisichojaa". Mtoto huyu hawezi kunyonya, kumeza na kupumua kwa mpigo mmoja. Uwezo huo huja kwenye wiki ya 32 hadi 34 ya mimba. Kwa hiyo analishwa kwa mpira mwembamba unaopita mdomoni hadi tumboni. Mwanzo huwa mililita 10 hadi 20 kwa kilo kwa siku. Chukua 20: kwa gramu 900 ni mililita 18 kwa siku nzima, ukigawa kwa milo 12 ya kila saa mbili unapata mililita 1.5. Basi. Kinachobaki anapata kwa dripu. Akivumilia wanaongeza mililita 20 hadi 30 kwa kilo kila siku, yaani kila mlo unapanda kwa mililita 1.5 au 2 hivi, hadi afike karibu 160 kwa kilo. Hapo ni mililita 144 kwa siku, 12 kila mlo. Bila kikwazo ni wiki moja hivi. Kikwazo karibu lazima kiwepo, kwa hiyo msiwekeane tarehe. Maziwa yashuke kwa uzito wake yenyewe, sirinji ikishikwa juu bila kusukumwa na kidude chake. Nesi akiwaruhusu kushika sirinji, hilo ndilo la kuzingatia.

Tumbo ndilo mtakaloulizana kila siku. Mtoto wa CPAP humeza hewa, tumbo linavimba lakini linabaki laini. Nesi anaacha mpira wazi hewa itoke. Kinachotisha, yaani dalili za ule ugonjwa wa utumbo kuoza, ni tumbo gumu, linalong'aa, rangi imebadilika, anatapika au mpira unarudisha kitu cha kijani, au kinyesi kina damu. Ukiona kimojawapo mwite nesi saa hiyo hiyo, usingoje raundi. Watasimamisha maziwa, watampa antibayotiki na kupiga eksirei. Kusimamishwa maziwa kwa siku kadhaa si adhabu wala uzembe, na shemeji aendelee kukamua vilevile.

CPAP yenyewe haimpumulii mtoto. Inasukuma hewa yenye oksijeni puani kwa presha ili mapafu yasijifunge kila anapotoa pumzi, maana utelezi wa ndani wa mapafu hajautengeneza wa kutosha. Mrija mmoja unaishia kwenye chupa ya maji. Kina chake, mara nyingi sentimita 5 au 6, ndiyo presha yenyewe. Mapovu yakiwepo, presha ipo. Mapovu yakikoma, hewa inavuja mahali: vibomba vimetoka puani, mdomo uko wazi sana, mrija umeachia. Msirekebishe wenyewe, iteni. Pia angalieni kile kipande cha nyama kinachotenganisha matundu ya pua: kikianza kuwa chekundu au cheupe, semeni mapema kabla hakijachubuka.

Kile kitambaa chenye taa nyekundu mguuni kinasoma oksijeni ya damu. Akiwa anaongezewa oksijeni, wanataka isome 90 hadi 95. Ndugu wengi hufurahi ikisoma 100, kumbe oksijeni ikizidi ndiyo inayoharibu mishipa ya macho. Alamu ikilia, tazama mtoto kabla ya namba: kifua kinapanda? Ulimi na midomo ni ya waridi? Akirusha mguu tu, namba inaruka. Lakini ataacha kupumua kweli mara kadhaa, ubongo bado haujashika mdundo. Akipitisha sekunde 20, au akibadilika rangi kabla ya hapo, msugue unyayo kwa kidole huku unaita nesi. Wengi huanza kupumua hapo hapo. Ndiyo maana anapewa dawa ya kafeini kila siku (kwingine aminofilini), hadi kwenye wiki ya 34 hivi.

Hapo ndipo jibu la swali lako la tatu, la kwa nini kauli zinabadilika, lilipo. Saa 72 za kwanza hofu kubwa ni kuvuja damu ndani ya ubongo, kwa hiyo mnaona hawataki aguswe ovyo. Kipimo chake ni ultrasaundi kupitia utosini. Halafu inakuja manjano, taa ya bluu, macho yamefunikwa. Wiki ya pili na ya tatu hatari inahamia kwenye maambukizi na utumbo. Kila siku daktari anajibu swali la siku hiyo. Badala ya kuuliza "anaendeleaje", uliza vitu vinne: anakunywa mililita ngapi kwa mlo, anaongezewa oksijeni asilimia ngapi, ameacha kupumua mara ngapi tangu jana, joto lake ni ngapi. Joto libaki kati ya 36.5 na 37.5. Mtoto mdogo hivi akiwa na maambukizi mara nyingi hapati homa, anapoa, analegea, au anaacha kupumua mara nyingi kuliko jana.

Uzito utashuka. Asilimia 10, hata 15, siku za mwanzo ni maji yanayotoka. 900 inaweza kusoma 780. Kurudi uzito wa kuzaliwa huchukua wiki mbili, wengine tatu. Baada ya hapo kinachotakiwa ni gramu 15 hadi 20 kwa kilo kwa siku, yaani kwenu gramu 14 hadi 18. Mizani tofauti au nepi yenye mkojo inameza faida ya siku nzima, hivyo msihesabu siku moja moja.

Kangaruu (mtoto kufungwa kifuani kwa mzazi, ngozi kwa ngozi): ombeni mapema, na wewe baba ni mmojawapo. Si mbinu ya hospitali isiyo na mashine. Utafiti uliochapishwa 2021, uliofanyika Ghana, India, Malawi, Nigeria na hapa Tanzania, ulikuta vifo vimepungua kwa robo kwa watoto wa kilo 1 hadi chini ya 1.8 walioanza mara tu baada ya kuzaliwa badala ya kungoja watulie. Wako yuko chini ya kilo na ana CPAP, kwa hiyo daktari ndiye wa kusema lini, lakini tangu 2022 WHO inapendekeza kangaruu saa 8 hadi 24 kwa siku kwa njiti wote isipokuwa walio mahututi. Mtoto awe na nepi, kofia na soksi tu, wima katikati ya matiti, miguu imekunjwa kama ya chura, kichwa kimegeuzwa upande na kidevu kimeinuliwa kidogo ili njia ya hewa isijipinde. Kitenge kifungwe imara, ukingo wa juu ufike chini ya sikio. Mzazi aegemee kitanda kilichoinuliwa kichwani, asilale chali kabisa. Msikae chini ya saa moja kila mara, maana kumtoa na kumrudisha ndiko kunakomchosha. Chupa za maji ya moto hapana, zinaunguza.

Kununua: kofia ndogo, soksi, nepi za saizi ya njiti (za kawaida zikate au zikunje, zisipande kitovuni), vitenge viwili vyepesi, sirinji, vikombe vidogo vyenye mfuniko vya kuchemshwa. Chuchu za plastiki na chupa za kunyonyeshea acheni, baadaye atatumia kikombe. Kila anayeingia avue pete na saa, anawe hadi viwikoni. Mwenye mafua abaki nje hata awe bibi. Maji ya mchango, asali, mafuta ya kitovu: hapana, na bibi aambiwe kwa heshima na nesi, si na shemeji. Ule msemo kwamba wa miezi saba anapona kuliko wa minane nao si kweli, kila wiki tumboni ni faida.

Ndugu watatafutwa kuchangia damu, kwa sababu njiti huishiwa damu haraka na mnaweza kuambiwa usiku. Panga watu sasa. Kipimo cha macho kinaangukia wiki ya nne, na daktari wa retina hayupo kila mkoa, kwa hiyo uliza leo. Sera inasema watoto chini ya miaka 5 watibiwe bure hospitali za serikali, ila dawa ikikosekana dirishani utatumwa nje. Tunza risiti, na mzigo ukizidi nenda ofisi ya ustawi wa jamii hapo hapo hospitalini. Kama shemeji ameajiriwa, peleka barua ya daktari kazini kwake: marekebisho ya sheria za kazi ya 2025 yanamwongezea mama wa njiti muda juu ya zile siku 84 za likizo ya uzazi, na wewe baba unapata likizo ya siku 7 badala ya 3.

Kesho baada ya raundi weka hapa yale majibu manne pamoja na umri wa siku zake, tuendelee kutoka hapo.