Maswali ya wenye maduka: Februari na mioyo inayovunjika

Kila mwaka pesa ya korosho ikishaisha mikononi mwa watu, barua za kukata tamaa huja kwa mkupuo. Nimechagua chache. Wote mliouliza "biashara gani inalipa?" jibu lenu lipo huko chini, na ni fupi.

Nina duka la mahitaji Newala. Novemba nilikuwa nauza mpaka nasahau kula. Sasa nashinda nimekaa. Moyo umekufa, nifunge?

Usifunge, dada yangu. Kwanza niambie Februari ya mwaka jana uliuza kiasi gani. Hujui. Unalinganisha mwezi huu na Novemba, wakati minada ya korosho ya TANECU, chama kikuu cha ushirika cha Tandahimba na Newala, imepamba moto na mkulima aliyelipwa anapita kwako akitoka benki. Huku kwetu pesa ina majira yake: ufuta kuanzia Juni, mbaazi baadaye kidogo, korosho kuanzia Oktoba hadi mwaka unapogeuka. Baada ya hapo watu wananunua kwa kupima: mafuta ya mia tano, sukari robo, sabuni kipande. Wewe bado umetanguliza mbele vitenge na sufuria za seti, na mwenye kutaka sukari robo anaona haya hata kuuliza.

Ahsante kwa picha ya daftari la madeni, imenieleza kuliko barua yenyewe. Kuna mstari umeandikwa "Mjomba sukari". Mjomba yupi? Kilo ngapi? Lini? Chini yake: "Mwalimu, mwisho wa mwezi". Mwezi gani, Mungu ndiye ajuaye. Nimejumlisha yanayosomeka tu katika ukurasa huo mmoja, yanatosha mfuko wa sukari wa kilo 25. Unaniambia wateja wamekimbia, kumbe mtaji wako umo majumbani mwao.

Kuanzia leo andika mauzo ya siku, ulichochukua kwa ajili ya nyumbani, na ulichokopesha pamoja na jina kamili na tarehe. Hujaniuliza, lakini nakuonya: usiache chumvi, sukari na unga viishe masika yakianza. Mei 2024, baada ya kimbunga Hidaya, barabara ya Dar ilikatika upande wa Somanga na malori ya mizigo yakakwama huko huko.

Kuna semina ya hamasa kwa wafanyabiashara hapa Mtwara mjini, kiingilio 30,000. Inafaa?

Inamfaa anayekusanya viingilio. Utatoka ukumbini umejaa upepo kama puto, na Jumatatu utakuta katoni zile zile ambazo hujui umezinunua kwa bei gani. Kama ni mafunzo, SIDO, shirika la serikali la viwanda vidogo, wana ofisi ya mkoa Mtwara na wana ofisi Lindi, na kila halmashauri ina afisa biashara anayelipwa mshahara kwa kazi hiyo. Nenda ukamuulize. Hiyo 30,000 nunua maharage, uyauze, uandike faida yake.

Nianze biashara gani inayolipa?

Niandikie tena ukiwa umetaja mtaa, kiasi cha pesa, na pesa hiyo ni ya nani.

Niko kijijini, Nachingwea. Wakulima hawana kitu sasa. Rafiki amenishauri niwape unga na sabuni, msimu ukifika wanilipe kwa kilo za korosho. Naona nitapata faida nzuri na nguvu ya kuendelea.

Mwanangu, rafiki yako amekuficha jina la kitu chenyewe. Hiyo ni kangomba, imepigwa marufuku, na usijidanganye kwamba kwako ni msaada kwa majirani. Korosho zinauzwa kwa stakabadhi ghalani, yaani zinawekwa ghalani kwa jina la mkulima kisha zinauzwa mnadani, kupitia chama cha msingi cha ushirika, na malipo yanaingia kwenye akaunti ya mkulima. Wewe utazipeleka ghalani kwa jina la nani? Msimu wa 2018, serikali ilipoamua kununua korosho kwa shilingi 3,300 kwa kilo, wakulima walihakikiwa kwanza, na mwenye korosho zisizolingana na shamba alikuwa na ya kujieleza.

Tuiache hata sheria. Mama anayekupa kilo zake Februari kwa mfuko wa unga, Novemba atakuwa mteja wa nini? Utakuwa umeila pesa ambayo ingekuja dukani kwako kwa miguu yake. Ukitaka kukopesha, kopesha kwa shilingi, kidogo, kwa unayemfahamu, na muandikiane kiasi na tarehe.

Natakiwa "kujifunza kila siku", lakini nafungua saa 12 asubuhi na kufunga saa 3 usiku, peke yangu, hapa Mikindani. Muda nitautoa wapi?

Hili ndilo swali nililolipenda. Usitafute muda nje ya duka, bibie. Chukua daftari la pili, andika kila kitu ulichoulizwa na hukuwa nacho: betri ndogo, pedi, uzi mweusi, dawa ya mbu. Mwisho wa wiki angalia kipi kimerudi mara nyingi, ukanunue hicho kidogo kidogo. Hakuna mwalimu atakayekujulia Mikindani kuliko orodha hiyo.

Daftari la mauzo nalo lina thamani mpaka TRA. Kwa mfanyabiashara mdogo anayekadiriwa, mauzo ya milioni 5 kwa mwaka bila kumbukumbu ni kodi ya 100,000. Mwenye kumbukumbu anatozwa asilimia 3 ya kinachozidi milioni 4, yaani 30,000. Piga hesabu mwenyewe.

Na Ijumaa mchana mwachie duka mdogo wako, ukalale. Hesabu droo kabla hujatoka.

Lipa namba ina faida?

Ina faida, ila hakikisha salio kwenye simu yako. Ujumbe unaoonyeshwa na mteja kwenye simu yake si malipo.

Nichukue mkopo wa kausha damu, ule wa riba kubwa, ili nijaze duka?

Hapana. Kuna asilimia 10 ya mapato ya halmashauri kwa vikundi vya wanawake, vijana na wenye ulemavu, haina riba. Muone afisa maendeleo ya jamii wa kata.

Jirani amefungua duka kama langu, tena mkabala. Nimevunjika moyo kabisa.

Vuka barabara ukanunue kitu kwake. Uangalie bei, anavyopima, na anavyompokea mtoto aliyetumwa. Kisha mjuane, maana siku ukikosa chenji ndiye wa karibu.