Maswali ya Wasomaji: Kibanio cha Chuma Tumboni mwa Baba

Swali: Shikamoo daktari. Baba yangu, mwenye umri wa miaka 63, alikunywa diklofenaki kwa zaidi ya mwaka kwa ajili ya maumivu ya magoti. Mwezi uliopita alianza kupata choo cheusi kinachonata kama lami, kisha akaanguka alipoinuka kitandani. Hospitalini aliongezewa chupa mbili za damu, na siku ya pili akapitishiwa mdomoni mpira wenye kamera. Tuliambiwa kuwa mshipa ulikuwa ukivuja damu ndani ya kidonda cha tumbo, wakauchoma sindano na kuubana kwa kibanio cha chuma. Ndugu zangu wanasema ni heri angepasuliwa yakaisha, kwani chuma hakifai kukaa tumboni. Baba naye anaitaka tena dawa yake ya magoti. Tufanyeje?
Msomaji, Mwanza

Jibu: Marahaba, na poleni sana. Waganga wa baba yako walifanya kazi nzuri, ikiwa ni pamoja na kule kusubiri hadi siku ya pili, jambo ambalo huwaudhi ndugu wengi. Mgonjwa aliyepoteza damu huongezewa kwanza maji na damu hadi presha yake itulie, ndipo apitishiwe endoskopia, yaani ule mpira wenye kamera, ndani ya saa 24. Utafiti wa Hong Kong uliochapishwa mwaka 2020 ulionyesha kuwa kuiharakisha ndani ya saa 6 hakukupunguza vifo.

Kupitia mpira ule daktari huona kidonda kwa macho yake na kukitibu papo hapo. Adrenalini iliyozimuliwa huchomwa kuzunguka mshipa, ambao hunywea huku nyama ya pembeni ikivimba na kuukandamiza. Lakini nguvu yake haidumu, na ndiyo maana haitumiki peke yake bali hufuatiwa na kibanio au na kuunguza mshipa kwa joto. Kibanio hicho ni kidogo mno. Kwa kawaida hudondoka chenyewe baada ya wiki kadhaa, kidonda kinapopona, na kutoka na choo bila mgonjwa kuhisi. Ila akitakiwa kupigwa picha ya MRI, waelezeni wahudumu mapema kwamba aliwekewa kibanio.

Kuhusu upasuaji, siwalaumu ndugu zako, maana zamani ndio uliokuwa tegemeo. Hata hivyo, kumpasua tumbo mtu aliyeishiwa damu ni mzigo mkubwa kwa mwili wake. Hata damu ikitoka tena, jambo ambalo hutokea zaidi katika saa 72 za mwanzo, mara nyingi kamera hurudiwa kwanza. Hong Kong hiyohiyo, katika utafiti wa mwaka 1999, wagonjwa 48 waliovuja damu upya walirudiwa kwa endoskopia, na 35 kati yao wakadhibitiwa damu bila kisu, huku madhara yakiwa machache kuliko kwa waliopasuliwa. Upasuaji unabaki kwa wale ambao njia nyingine zimeshindwa kuwasaidia.

Linalonitia wasiwasi zaidi ni dawa ya magoti. Diklofenaki huzuia mwili kutengeneza kemikali zinazolinda ukuta wa tumbo, na kazi hiyo huifanya kupitia damu. Kwa hiyo kuichoma sindano badala ya kuimeza hakumkingi baba, wala kuinywa baada ya chakula hakutoshi. Nakuomba sana asiirudie, wala asinunue ibuprofeni, dawa ya kundi hilohilo, badala yake. Kwa magoti, aanze na parasetamoli kwa kipimo sahihi na mazoezi ya kuimarisha misuli ya mapaja. Kama anatumia pia aspirini ya moyo, msiiache wala kuianza bila kumwuliza daktari wake.

Ulizeni pia kama alipimwa bakteria wa *Helicobacter pylori*, ambao husababisha vidonda vingi vya tumbo na hutibika kwa mseto wa dawa, kwa kawaida kwa siku 14. Kipimo kikifanywa wakati damu inatoka, kinaweza kuwakosa hata kama wapo, hivyo jibu la "hana" lirudiwe kuhakikiwa baadaye. Dawa za kupunguza asidi, kama omeprazoli, nazo huficha bakteria hao, lakini asizisimamishe kwa ajili ya kipimo mpaka daktari aruhusu. Na kwa kuwa kidonda kilikuwa kwenye tumbo lenyewe, mwulizeni daktari tarehe ya kurudia kamera, kwa kuwa baadhi ya vidonda vya hapo huwa ni saratani.

Ikiwa amepewa vidonge vya kuongeza damu vyenye madini ya chuma, choo chake kitakuwa cheusi, na hilo lisiwatishe. Lakini kikinata na kunuka vibaya kama kile cha mwezi uliopita, au akitapika damu, au akiishiwa nguvu na kutokwa jasho la baridi, mpelekeni hospitali saa hiyohiyo, hata kama ni usiku wa manane.