Re: Kufupisha utafiti wa kurasa 80 kuhusu vikosi vya kikanda Kongo

Umeuliza utafiti wako ubanwe vipi hadi afisa wa wizara ausome. Kurasa 2 hadi 4, na pendekezo likae aya ya kwanza. Mapitio ya nadharia yaondoe yote. Hayo aliyataka msimamizi wako wa chuo, si afisa.

Uzito uweke kwenye kulinganisha mamlaka ya vikosi, maana hapo ndipo wengi huteleza: huandika "vikosi vya kigeni vimeshindwa" kana kwamba vilitumwa kazi moja. Brigedi ya Umoja wa Mataifa ya 2013 (Tanzania, Afrika Kusini, Malawi) iliruhusiwa kushambulia, na M23, kundi la waasi la mashariki mwa Kongo, ilisalimu amri Novemba mwaka huohuo. Kikosi cha Jumuiya ya Afrika Mashariki kiliingia Novemba 2022. Kinshasa ilitaka kipigane, chenyewe kikakaa katikati ya jeshi la Kongo na M23, kikaondoka Desemba 2023. Kile cha SADC (Jumuiya ya Maendeleo Kusini mwa Afrika) kilichokipokea kilikuwa na ruhusa ya kupigana, lakini mji wa Goma ukaanguka mikononi mwa M23 Januari 2025. Kwa hiyo ruhusa peke yake haitoshi: chunguza usafiri wa anga, ugavi, na msaada wa Rwanda kwa M23 ulioelezwa na wataalamu wa Umoja wa Mataifa.

Takwimu za vifo zipe kiwango cha chini na cha juu, si namba moja.

Halafu "jumuiya ya kimataifa ichukue hatua" lifute. Taja nani, afanye nini, kwenye kikao gani.