Kutoka Guangzhou kupanda Yunnan: majibu kwa wasomaji

Toleo lililopita lilikuwa na makala kuhusu wafanyabiashara wa Lubumbashi wanaokwenda Guangzhou, na mwandishi wake alidokeza mwishoni kwamba baadhi yao huongeza siku chache za kutembelea kusini-magharibi mwa China kabla ya kurudi nyumbani. Dokezo hilo limezaa barua nyingi kuliko makala yenyewe. Tunajibu zile zinazogusa mambo ambayo wengi wameyauliza.

Mimi ni mama mfanyabiashara wa Katuba, hapa Lubumbashi. Mwezi wa kumi nitakwenda Guangzhou kununua vitambaa pamoja na binti yangu, na tukimaliza tutabaki na siku kama kumi. Tunataka kuona maziwa na milima. Mmoja anatutuma Guilin, mwingine Jiuzhaigou, wa tatu Yunnan. Tumsikilize nani?

Mama, msikilizeni wa tatu, na Guilin muiweke akiba. Guilin iko karibu, mwendo wa saa tatu hivi kwa treni ya kasi kutoka Guangzhou, na vilima vyake vya mawe ya chokaa vinavyosimama wima kandokando ya mto Li ndivyo vilivyochapwa nyuma ya noti ya yuan 20, ambayo bila shaka umekwisha kuihesabu mara nyingi bila kuitazama. Ununuzi ukichelewa na siku zikabaki tatu, nendeni huko. Hata hivyo, ziwa kubwa na mlima wenye theluji hamtavipata Guilin.

Jiuzhaigou, kaskazini mwa mkoa wa Sichuan, ni bonde la maziwa madogo mengi yenye maji ya buluu na kijani. Maji hayo yamebeba chokaa, nayo hujijenga polepole ikawa kingo za mawe zinazolitenga ziwa moja na jingine, huku magogo yaliyozama yakionekana chini kabisa kana kwamba hakuna maji juu yake. Bonde hilo limo katika orodha ya urithi wa dunia ya UNESCO tangu mwaka 1992. Tetemeko la ardhi la tarehe 8 Agosti 2017 liliharibu sehemu yake, likafungwa, kisha likafunguliwa tena hatua kwa hatua. Uzuri wake sibishani nao. Nasema tu kwamba liko mbali na hayo mengine yote, na mtu hufunga safari nzima kwa ajili ya bonde moja. Kwa watu waliokwisha kuchoshwa na masoko ya Guangzhou, naona ni kujitesa.

Yunnan, mkoa wa kusini-magharibi mwa China, inawafaa kwa sababu mambo yake mazuri yamepangwa kwenye reli moja, na reli hiyo inapanda. Mtafika Kunming, mji mkuu wa mkoa, kwa ndege au kwa treni. Kutoka hapo hadi Dali ni saa mbili hivi, na kutoka Dali hadi Lijiang ni chini ya hapo. Dali iko kati ya ziwa Erhai na safu ya milima ya Cangshan, ambayo kilele chake kirefu kina mita 4,122. Erhai lina ukubwa wa kilomita za mraba 250 hivi, kwa hiyo aliyewahi kusimama Kalemie akaitazama Tanganyika hatashangazwa na maji yake. Kinachoshangaza ni jinsi mlima unavyosimama karibu na ziwa, mashamba na vijiji vya Wabai, kabila la wenyeji, vikibanwa katikati. Ziwa hilo lilikuwa limeanza kuchafuka sana kwa maji taka ya hoteli na mashamba, hata mwaka 2017 wakuu wa Dali wakafunga kwa wingi nyumba za wageni na mikahawa iliyokuwa ukingoni. Leo kuna njia ya waenda kwa miguu na baiskeli yenye urefu wa kilomita 129 inayolizunguka. Kodini baiskeli siku moja, mwende upande mmoja tu, wala msijaribu kulimaliza.

Jambo la tarehe lina uzito kuliko mnavyodhani. Tarehe 1 Oktoba ni sikukuu ya taifa la China, na juma zima linalofuata nusu ya nchi iko safarini: treni zimejaa, bei za vyumba zimepanda. Tiketi za treni huanza kuuzwa siku 15 kabla ya safari, nazo hukatwa kwa pasipoti. Kuanzia katikati ya Oktoba watu wamerudi kazini, na mvua za Yunnan, ambazo hunyesha zaidi kati ya Juni na Agosti, zimepungua. Chukueni makoti, kwa maana mtatoka kwenye joto letu la Oktoba na kulala Lijiang katika baridi ya Julai yetu.

Nimestaafu ualimu, naishi Kampemba, na nina shinikizo la damu ambalo nalitibu kwa dawa. Mwanangu anataka kunipeleka Lijiang na kunipandisha mlima wa theluji. Je, mzee kama mimi anaruhusiwa?

Mwalimu, mwenye ruhusa hiyo ni daktari wako, na umwone kabla mwanao hajalipa chochote. Umweleze kwa tarakimu ili asikujibu kwa kubahatisha. Lubumbashi iko kwenye mita zipatazo 1,200 juu ya usawa wa bahari. Kunming iko kwenye 1,900, Dali kwenye 2,000, na Lijiang kwenye 2,400. Mlima wenyewe, Yulong Xueshan, una kilele cha mita 5,596 ambacho watalii hawafiki, ila gari la kamba linaloning'inia kwenye nyaya humpandisha mtu hadi mita 4,506, na kutoka hapo ngazi za mbao huendelea hadi mita 4,680. Huko ni zaidi ya mita elfu moja juu ya kilele cha Nyiragongo, na kila pumzi huleta oksijeni inayozidi kidogo tu nusu ya ile ya pwani. Hatari yake ni kwamba gari hilo linakufikisha kwa dakika chache mahali ambapo mwili ungehitaji siku kadhaa kupazoea.

Utaona kila mtu amebeba kopo dogo la oksijeni lenye kifuniko cha kuweka puani, vijana wakiwamo. Linatuliza kwa dakika chache tu. Dawa ya kweli ya maumivu ya kichwa, kichefuchefu na kizunguzungu cha milimani ni kushuka, tena mapema. Kwa hiyo mwambie mwanao mlale Kunming na Dali kwanza, siku mbili mbili, ndipo mwende Lijiang. Na kama daktari atasita, wacha mwanao apande, wewe umngoje katika Bonde la Mwezi wa Buluu lililo chini ya mlima, ambako maji ya theluji hukusanyika katika vidimbwi vya rangi ya samawati na kilele kizima kinaonekana. Kwa maoni yangu mlima huo unapendeza zaidi ukitazamwa kutoka chini. Mji wa Shangri-La, ambao tangu Novemba 2023 unafikiwa kwa treni kutoka Lijiang, uko kwenye mita zipatazo 3,300. Huo uufute kabisa katika mpango wako, kwa kuwa hapo ungelala juu usiku kucha bila kushuka.

Nasomea usanifu wa majengo hapa Lubumbashi. Nimesikia kwamba miji ya zamani ya China ni maduka mapya yaliyovikwa paa za kale. Je, Lijiang ni mji wa kweli?

Ndugu mwanafunzi, ni kweli na si kweli, na ukienda usiku hutaona ule upande wa kweli. Mitaa ya katikati imekuwa maduka, vilabu vya muziki na nyumba za wageni, na wenyeji wengi, Wanaxi, wamehamia mji mpya na kuwakodishia wafanyabiashara nyumba zao. Ila mpango wa mji haukubuniwa kwa ajili ya mtalii. Tarehe 3 Februari 1996 tetemeko kubwa liliua watu zaidi ya 300 katika eneo hilo, na ilionekana kwamba nyumba za kale za fremu za mbao, ambazo maungio yake huyumba bila kuvunjika, zilistahimili kuliko majengo mengi ya saruji. UNESCO iliuandikisha mji huo mwaka uliofuata, 1997.

Wewe mwenye taaluma, kafuate maji. Yanatoka katika dimbwi la Heilongtan kaskazini mwa mji, yanagawanyika mara tatu, kisha yanaingia katika vijito vinavyopita mbele ya milango. Mahali pengine utakuta kisima chenye mabirika matatu yanayofuatana: la kwanza ni la maji ya kunywa, likifurika linajaza la pili ambamo huoshwa mboga, na hilo likifurika linajaza la tatu ambamo hufuliwa nguo, na hakuna mwenye haki ya kufua katika la kwanza. Uwanja wa soko, Sifangjie, zamani ulioshwa kwa kufunga lango la mto hata maji yakapanda na kutiririka juu ya mawe. Katika mji wetu, ambako mitaa mingi hungoja bomba litoe maji usiku wa manane, ningependa wahandisi wetu wapitie hapo.

Ukitaka kimya, nenda Shaxi, kati ya Dali na Lijiang. Ulikuwa mji wa soko katika njia ya misafara iliyopeleka chai Tibet na kurudi na farasi. Uwanja wake wenye hekalu upande mmoja na jukwaa la maigizo upande wa pili ulikarabatiwa kwa msaada wa wataalamu wa Uswisi, ambao waliziacha nyufa za kale zionekane. Dukezong, mji wa zamani wa Shangri-La, una historia tofauti: moto wa Januari 2014 uliteketeza sehemu yake kubwa, na mengi utakayoyaona huko yamejengwa upya.

Ni kweli kwamba huko kuna ziwa ambalo wanawake ndio wakuu wa nyumba na wanaume hawaoi? Msomaji wa Ruashi.

Ziwa hilo ni Lugu, kwenye mita 2,690 hivi, mpakani mwa Yunnan na Sichuan, na watu wanaosemwa ni Wamosuo. Habari imetiwa chumvi. Katika desturi yao nyumba ni ya ukoo wa mama, na mwanamke mzee ndiye anayeshika mali na mipango. Mwanamume humtembelea mwenzake usiku na asubuhi hurudi kwa mama yake, na watoto hulelewa na mjomba. Leo wengi hufunga ndoa kama majirani zao. Wasomaji wetu Walamba na Wabemba, wanaojua mjomba ni nani, hawataona ajabu kubwa. Wanaoshangaa na kuuliza maswali ya utovu wa adabu ni watalii wa mjini. Kutoka Lijiang ni nusu siku ya barabara ya milimani, na ziwani utapigiwa kasia na wenyeji wenyewe.

Nauliza kuhusu karatasi na fedha. Msomaji wa Kamalondo.

Raia wa Kongo anahitaji viza, kwa kuwa nchi yetu haimo katika orodha ya zile zilizosamehewa. Mwenye viza ya biashara haihitaji nyingine ili afike Yunnan, mradi siku zake hazijaisha. Tibet ni mambo mengine: inataka kibali maalumu na safari iliyopangwa na wakala. Beba kadi ya manjano ya chanjo. Malipo karibu yote ni kwa simu, na programu za Alipay na WeChat hupokea kadi za benki za kigeni, ila uziunganishe ukiwa bado nyumbani. WhatsApp haifanyi kazi katika mtandao wa China, kwa hiyo waarifu jamaa mapema wasije wakadhani umepotea.

Mimi ni Mwislamu. Nitakula nini Yunnan?

Utakula vizuri, ndugu. Wahui, Waislamu wa China, wapo Yunnan tangu karne nyingi, na mikahawa yao ya halali yenye tambi na nyama ya ng'ombe iko Kunming, Dali na kwingineko. Zheng He, amirijeshi wa merikebu ambazo mwanzoni mwa karne ya 15 zilifika hadi pwani ya Malindi, alizaliwa katika familia ya Kiislamu huko Kunyang, kusini mwa ziwa Dian.

Ukienda wakati wa mvua utakuta uyoga wa porini, nao Wayunnan wanaupenda kama sisi. Mwingine una sumu usipoiva sawasawa, na humfanya mtu aone vitu visivyokuwapo. Mkahawa wenye uangalifu huchemsha chungu mezani pako na kuweka saa pembeni, na muda usipotimia mhudumu hakupi vijiti vya kulia. Usimbembeleze, na kama hakuna saa, agiza tambi.